Sifa za Karatasi ya Dhamana

Kaunti inapojenga soko, saruji hukopwa, fundi husubirishwa kutoka Jumamosi moja hadi nyingine, na mama wa kibanda anayewapikia watu wa mjengo huandika deni kwenye daftari lake mpaka daftari linajaa. Karatasi ya dhamana haiyajui mambo hayo. Yenyewe hulipiwa kwanza, hulipiwa yote, tena kabla lori la mawe halijawashwa. Kitu chenye heshima ya namna hiyo kinastahili mtu wa kukisifu, na kwa kuwa wanakandarasi, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawajajitokeza, acheni mimi niifanye kazi hiyo.

Nasaba yake ni safi. Imezaliwa katika kifungu cha 61 cha Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, inayoruhusu kaunti kumtaka mwombaji zabuni aweke dhamana isiyozidi asilimia 2 ya thamani ya kazi. Soko likikadiriwa kuwa la shilingi milioni 30, hiyo ni laki sita. Ukiomba kazi kisha ukabadili nia, au ukipewa ukakataa kutia saini, laki sita hizo zinaliwa. Tena karatasi hii haibagui mlango: waweza kuja na fedha taslimu, barua ya benki, ya kampuni ya bima iliyoidhinishwa, hata ya Sacco.

Benki nayo ni mwalimu mwema. Itakudhamini kwa moyo mkunjufu, mradi uiachie fedha zinazokaribia zile unazodhaminiwa, au hatimiliki ya shamba, na juu yake ada. Hapo ndipo mwanakandarasi mchanga anapofundishwa somo ambalo chuo hakikumfundisha: ili uaminiwe kwamba unaweza kufanya kazi bila kuishiwa, sharti kwanza uoneshe kwamba hiyo kazi hukuihitaji.

Na macho ya karatasi hii! Hakuna mkaguzi anayeona kama yenyewe. Zabuni ikitaka dhamana idumu hadi tarehe fulani, na yako ikaisha siku moja kabla, basi umekwisha. Hata kama bei yako ndiyo ya chini na barabara ulizojenga bado zinapitika, kamati ya tathmini itakuweka kando katika hatua ya kwanza kabisa, pamoja na yule ndugu aliyesahau kutia nambari kwenye kila ukurasa, kama sheria hiyohiyo inavyodai. Unaweza kwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Ununuzi, na wengi wamekwenda, wakabishana kwa siku nzima kuhusu tarehe. Swali la kama mtu huyu anajua kuchanganya zege litafikiwa baadaye, likipata nafasi.

Najua wapo watakaosema kwamba dhamana huwachuja wanakandarasi wa mkobani, wale ambao ofisi yao ni begi na mhuri wao hukaa mfukoni. Ni kweli, huwachuja wengine. Ila mtu wa mkobani hana tinga wala kichanganyio cha zege. Mali yake yote ni karatasi, na katika mashindano ya karatasi sioni kwa nini ashindwe na fundi. Wengine wamefika hata na dhamana za kughushi, ndiyo sababu afisa mwangalifu huiandikia benki kuuliza kama barua ni yake.

Kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, waliotengewa asilimia 30 ya zabuni, karatasi hii huwa na huruma: hawadaiwi laki sita, wanatia saini fomu ya tamko tu. Kisha wanashinda zabuni, wanafurahi, na kesho yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi anawauliza fedha za nondo ziko wapi. Yeye hapokei fomu za tamko.

Ukishinda, dhamana ndogo humpisha dada yake mkubwa, dhamana ya utekelezaji. Huyu aweza kudai hadi asilimia 10 ya mkataba kabla hujatia saini. Kwenye soko letu la milioni 30, hizo ni milioni tatu za ahadi, na mwenye benki anataka kushika kitu mkononi. Ukipewa malipo ya awali, nayo yana dhamana yake. Na kazi inapoendelea, kila cheti cha malipo kwa kawaida hukatwa sehemu inayozuiliwa, ili ukuta ukipasuka baadaye urudi kuuziba. Mwanakandarasi anajengewa ua wa ulinzi pande zote, na aliye nje ya ua, akilindwa, ni kaunti.

Hapa sharti niisifu kaunti pia, maana sheria haikuiacha uchi. Kifungu cha 53 kinamkataza afisa mhasibu kuanza ununuzi wowote kabla hajaridhika kwamba fedha za kutosha zimo katika makadirio ya bajeti yaliyoidhinishwa. Zimo katika makadirio, wala hapakusemwa zimo katika akaunti. Makadirio ni mahali pa ukarimu. Humo maegesho ya magari yamekwisha kulipiwa mwaka mzima, kila mwenye ploti ameleta kodi yake ya ardhi, na mgao wa Nairobi umewasili kwa tarehe. Mwaka wa fedha unapofungwa Juni 30, maegesho hayakulipiwa hivyo, mgao umechelewa, na soko la watu limeezekwa tayari.

Ndiyo maana taarifa za Msimamizi wa Bajeti zimeonesha kaunti zikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150. Gavana mpya akiingia, huunda kamati ya kuhakiki madeni ya aliyemtangulia. Mkaguzi Mkuu naye aliwahi kuzipitia bili za kaunti za hadi Juni 2018, takriban bilioni 89, na zilizoonekana kuwa na vielelezo vya kustahili malipo zikawa kama bilioni 51. Mwanakandarasi aliyekaguliwa karatasi ili aingie hukaguliwa karatasi tena ili atoke.

Kifungu cha 140 kinampa riba malipo yakichelewa. Ni kifungu kizuri, na mwanakandarasi yeyote anayetaka zabuni nyingine mwaka ujao hukisoma kimyakimya. Akienda mahakamani akashinda, atakuta mali ya serikali haikamatwi ikapigwa mnada kama lori lake linavyoweza kupigwa.

Wamarekani walikosa adabu katika jambo hili. Sheria yao ya Miller ya 1935 inamtaka mwanakandarasi mkuu wa majengo ya serikali ya shirikisho alete dhamana mbili: moja ya kumaliza kazi, nyingine ya kuwalipa mafundi na wauza vifaa, kwa sababu hao hawawezi kushikilia jengo la umma kwa deni lao. Majimbo yakaiga kwa kazi za miji. Yaani karatasi tukufu kama hii wameishusha hadi kumjua muuza mchanga! Yetu imejihifadhi. Mama wa kibanda haimjui, na yeye hajapata kuiona.

Ila sifa yake kubwa kuliko zote ni uvumilivu. Kaunti ikichelewesha malipo, kazi husimama. Kazi ikisimama, tarehe ya kumaliza husogezwa. Nayo dhamana ya utekelezaji, iliyoandikiwa tarehe ya zamani, inakaribia kuisha. Kaunti basi humwandikia mwanakandarasi barua ya upole ikimtaka aiongeze muda, la sivyo itaidai benki. Naye huingia benki na hatimiliki ileile, analipa ada mara ya pili kwa ajili ya kuchelewa kusiko kwake, na karani anamuuliza kama malipo ya cheti cha tatu yameshaingia.