Moshi wenye heshima zake

Mwanafunzi akiwasha sigara kampasi ya Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aambiwe aizime. Kongo (DRC) iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, mzaha hatutaki. Moshi wake ni wa kihuni, hauna leseni, haujaajiri hata mlinzi. Uhuru wa mtu binafsi? Akauvutie kwao.

Moshi wa kistaarabu Lubumbashi tunaujua: hutoka bombani, hunukia salfa, hula mabati taratibu. Mwaka 2009 watafiti wa chuo hichohicho, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mkojoni. Bure kabisa, watoto wakiwemo, bila kuwasha kiberiti!

Ndugu mvutaji, zima hiyo sigara. Kiu ikikuzidi, fungua dirisha.