Nani Kafiwa? Tano Bora za Misiba ya Ndege

Kintinku mtu akifariki, habari hufika Bahi kabla turubai halijafungwa. Ndege nao wakifiwa? Tunahesabu kurudi nyuma, mshindi mwishoni.

5. Kweleakwelea. Nyie mnaoamia mtama na mpunga, nikitaja jina hili tu mkono unatafuta debe. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakitua milioni moja, tani 10 zimekwenda. Jioni sumu ya fenthioni hunyunyiziwa malaloni kwao, na kukipambazuka chini ya migunga ni mizoga mitupu, midomo myekundu imeelekea juu. Waliopona? Shambani moja kwa moja. Hakuna matanga, hakuna arobaini! Njaa yetu naijua na sumu naielewa. Kinachoniuma ni tai na mwewe wanaokula mizoga ile: wao hawajagusa hata punje ya mtu, na sumu huwaua vilevile.

4. Bata bukini wa Ulaya. Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza kwamba bukini akifiwa na mwenza humtafuta usiku na mchana akimwita. Kisha hunywea, akawa anawakimbia hata wadogo na wanyonge. Wajane wa hivyo tunao: shamba linamegwa kabla matanga hayajaanuliwa.

3. Binamu wa kunguru, wale wa buluu wa California. Teresa Iglesias na wenzake waliandika mwaka 2012 kwamba ndege hawa wakimwona mwenzao kafa chini, hupiga kelele, huitana, na pale mahali hawali kwa zaidi ya siku nzima. Msiba bila ubwabwa! Sisi watu wa mpunga tusingeweza.

2. Ndege wadogo wa msitu wa Oxford. Mwaka 2017 Josh Firth na wenzake walieleza jinsi walivyowaondoa baadhi yao kwa muda, bila kuua. Waliobaki walishikamana zaidi na kujiongezea marafiki. Msiba ni watu, bwana.

1. Kunguru! Huyu wetu wa singlendi nyeupe, mwizi wa vifaranga. Mwenye kuku akitundika mzoga wa kunguru mtini, wenzake hufika kwa makelele, wanazunguka, wanaondoka. Wanauliza swali la kila msibani: kafa na nini? Kule Seattle, Kaeli Swift na John Marzluff waliwapa watu vinyago wavae na kunguru mfu washike. Kunguru hai waliwazomea, na wengine waliendelea kuizomea sura ileile hata wiki 6 baadaye, mikono ikiwa mitupu. Njiwa mfu hakuwashtua kiasi hicho.

Kwa hiyo mama mwenye vifaranga, tundika mzoga wako usiku. Wakikuona umeushika, kesi ni yako, na mashahidi wanakaa juu ya paa lako.