Dakika 20 za Angani

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa ndege ni kilomita 73 hivi, na ndege huzimaliza kwa dakika 20. Hesabu hiyo niliihubiri wiki nzima. Nilimwambia mama mkwe kwa simu, nikawaambia majirani wa Kimara, nikamwambia hata muuza chipsi ambaye hakuniuliza. Shemeji, kaka wa mke wangu, alishakata tiketi ya boti ya saa 1 asubuhi. Nikamwonea huruma.

"Masaa mawili baharini, shemeji, na kutapika juu?"

Akacheka kidogo, basi.

Nikaha ya mdogo wao ilikuwa Malindi ya Unguja, baada ya adhuhuri. Ndege yangu saa 4. Lakini dakika 20 hazianzi kuhesabiwa mpaka ufike uwanjani, kwa hiyo nikatoka nyumbani saa 12. Ubungo tulisimama. Tabata tulisimama. Buguruni dereva alizima gari, akashuka, akanywa kahawa kikombe kizima, akarudisha kikombe, na lori la mbele yetu lilikuwa halijasogea.

Nimefika uwanjani natweta, dada wa kaunta akaniambia, "Panda, kaka." Nikadhani ndege. Kumbe mizani! Hizi ndege ndogo za injini moja, za abiria 12 au 13, hazina mzaha na uzito. Hupimwa begi, na mwenye begi naye hupimwa. Nikapanda na viatu vyangu, nimebana pumzi, kana kwamba pumzi ndiyo yenye kilo. Dada akasoma kwa sauti ya mwadhini: "Tisini na sita!" Nyuma yangu walikuwapo watalii wawili. Kiswahili hawakijui, ila hiyo waliielewa.

Kisha tukangoja. Ndege ilikuwa bado Pemba. Ilipofika, saa 6 imeshapita, rubani akapiga hesabu zake na kusema begi moja libaki, lije na ndege ya baadaye. Sijui kwa nini wote walinitazama mimi. Kanzu yangu ya harusi ikabaki Dar.

Haki isemwe, zile dakika 20 zilikuwa tamu. Ndege haipai juu sana. Unaona ngalawa moja moja, unaona mafungu ya mchanga yakichungulia majini, mara Chumbe na mnara wake wa taa wa mwaka 1904, mara magurudumu yako chini. Pipi niliyoitia mdomoni Dar nilishuka nayo Unguja.

Saa 7 na robo nikafika Malindi kwa teksi. Masaa saba na robo kwa kilomita 73: kama kilomita 10 kwa saa. Jahazi lililopata kusi nzuri lingeniacha. Nikaha ilikwisha, halua inazungushwa, na shemeji, aliyeingia tangu saa 3, alishakunywa urojo na kulala usingizi wake mzuri. Akaniazima kanzu yake ya akiba. Yeye ni mfupi. Mpiga picha akaniomba kwa adabu nisimame safu ya nyuma, soksi zisionekane.

Mama mkwe akanipokea kwa upole kabisa. "Baba, ndizo hizo dakika ishirini?"

Begi langu liliingia saa 11 jioni. Nimeulizia: angani lilikaa dakika 20 tu.