Jiko la Gesi la Bei Chee na Namna ya Kuishi Nalo

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huingia kwenye gesi kwa mlango mmoja: mtungi wa kilo 6, kichomeo kinachofungwa juu yake, na grili ya chuma ya kushikilia sufuria. Jiko la gesi la bei chee ndilo hilo, na mimi nalipenda waziwazi. Limechemsha uji wa wagonjwa saa nane za usiku bila mtu kupuliza mkaa hadi machozi yamtoke. Linatosha kwenye chumba kimoja cha kupanga, na siku ya kuhama unalishika kwa mkono.

Tatizo ni kwamba tunalinunua kama tikitimaji. Mtu mzima, mwenye watoto wanaosoma, anaugonga mtungi kwa kidole, anautikisa, anategea sikio, kisha anatoa pesa. Mtungi hausemi kitu ukigongwa. Kinachosema ni namba. Kwenye kola ya chuma, karibu na valvu, kuna neno TARE na uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Kama pameandikwa 7.4, mtungi uliojaa lazima usome 13.4 kwenye mizani. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaiweza, kwa hiyo mchukue akusaidie.

Usiogope kuomba mizani. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, inamtaka muuza gesi awe nayo dukani, hivyo humsumbui mtu.

"Mama, huu una lakiri yake, una wasiwasi gani?"

"Wasiwasi sina, mwanangu. Lete mizani."

Jibu hilo nililipata baada ya hasara. Siku moja niliona haya mbele ya foleni, nikabeba mtungi wenye lakiri safi kabisa, na gesi ikakata dagaa wakiwa hawajakauka, wiki moja kabla ya siku zake. Lakiri hubandikwa na mkono wa mtu. Tangu hapo sinunui gesi kwa kuangalia plastiki.

Ukiambiwa kuna mahali wanakumiminia gesi uani, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, kwa bei ya kutupa, kimbia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye eneo lililokuwa likijaza mitungi bila kibali. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengi wakiwa majumbani mwao, hawana habari na biashara hiyo.

Umeshafika nyumbani. Kagua kipete cha mpira kabla ya kufunga kichomeo, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifanya viputo, gesi inavuja. Wapo wanaopima uvujaji kwa njiti ya kiberiti, na hao nawaomba wanisikilize leo hii: acheni. Wenye jiko la plati mbili wana mpira mrefu na regulata pia. Bania rangi ya jiko, bania kioo, bania hata idadi ya plati, lakini mpira na regulata nunua vya uhakika, na mpira ukianza kufanya nyufa utupe.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa mayai viza umetiwa makusudi ili ukuamshe. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kama maji, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua mlango, toa watu nje, na usiguse swichi ya taa, wala kuiwasha wala kuizima.

Sufuria ya shughuli isikae juu ya mtungi mdogo. Ikiwa pana kupita kiasi, hurudisha joto chini, likaangukia valvu na mtungi wenyewe. Kichomeo hiki ni cha familia, na pilau la watu hamsini litafutiwe mahali pake.

Moto mzuri ni wa bluu. Ukiona umekuwa wa njano na sufuria inapata masizi, matundu ya kichomeo yameziba. Mara nyingi ni mafuta ya nyama na povu la maharage lililomwagikia. Zima, acha kipoe, piga brashi. Ndiyo maana mishkaki isichomwe moja kwa moja juu ya kichomeo. Tumia kikaango kizito cha chuma, kiache kishike moto sawasawa, panga nyama iliyolala na tangawizi na papai bichi, na usiigeuzegeuze. Ukitaka ile harufu ya barazani, washa kaa moja tu. Liweke kwenye kibakuli cha chuma katikati ya nyama iliyoiva, lidondoshee samli, funika dakika tano. Kaa moja, siyo gunia.

Na wali? Wazee wa Pwani wananiambia wali wa gesi hauna ladha, na ninawaelewa. Wanachokosa ni makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto hadi uwe kama wa mshumaa, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria ili moto usambae, na mfuniko ubane kwa kitu kizito. Ukoko utaupata, tena wa rangi ya dhahabu. Maharage nayo yaloweke tangu usiku, maana maharage makavu ndiyo yanayomaliza mtungi, halafu lawama anapewa muuzaji.

Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Wengi wao wataanza na mtungi huu mdogo, na ukiwaishia kabla ya siku zake watarudi kwenye mkaa. Kwa hiyo wewe muuza gesi, mizani yako itoe nyuma ya magunia, iweke mlangoni, mteja aione kabla hajaomba.