Jinsi ya Kuonekana Hulali: Mwongozo kwa Mwanzilishi wa Kampuni Changa

Umeacha kazi benki, umesajili kampuni, umekodi meza kwenye ofisi ya pamoja huko Kilimani, Nairobi. Hongera. Bidhaa bado haipo, lakini hilo halina haraka. La haraka ni macho mekundu.

Anza na hesabu. Mwaka 2018 Elon Musk aliliambia gazeti la New York Times kwamba amekuwa akifanya kazi hadi saa 120 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Zinabaki 48, hazifiki hata saba kwa siku, na ndani ya hizo ulale, uoge, ule na ukwame kwenye foleni ya Ngong Road. Usihangaike. Ukifungua laptopu mapajani ndani ya matatu, foleni imekuwa kazi. Ukimwota mwekezaji, usingizi nao umekuwa kazi. Ndivyo saa zinavyotimia.

Barua pepe ziandike saa nane mchana, kisha uzipange ziondoke zenyewe saa tisa na dakika kumi na saba usiku. Saa tisa kamili inatia shaka. Dakika kumi na saba ndizo zinazoonyesha kuna binadamu anateseka. Mtaalamu wako wa programu mtumie ujumbe wa sauti wa dakika nne, umalizie: “Bro, hii si ya haraka, iangalie tu kesho.” Kisha kaa uzitazame zile tiki mbili. Zisipogeuka bluu, asubuhi muulize kwa upole kama nyumbani kwake kuko salama.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa huyo kijana angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Usibishane na sheria. Mpe Jumapili yake, halafu Jumapili hiyo hiyo waalike wote nyama choma, wakute ubao mweupe umesimama kando ya jiko.

Utahitaji pia watakatifu wa kuwataja. Jack Ma, tajiri wa China, anafaa: mwaka 2019 aliisifu ratiba ya saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, akasema ni baraka. Ishia hapo. Usifike 2021, mahakama ya juu kabisa ya China iliposema ratiba hiyo inavunja sheria. Akitokea mtu na utafiti wa WHO na ILO wa mwaka huo huo, ule uliohusisha saa 55 na zaidi kwa wiki na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, mjibu kwamba uliandikwa na watu wenye pensheni.

Mama akipiga simu kuuliza kama umekula, nong’ona kwamba uko mkutanoni. Hata ukiwa kitandani, nong’ona.

Mara moja moja itabidi uonane na mteja. Programu yako ni ya kumwokoa mama mboga, basi nenda soko la Marikiti saa kumi na mbili asubuhi na mpiga picha. Utamkuta ameshafika tangu saa kumi, ameshanunua gunia la sukuma, ameshagombana na mtu wa mkokoteni, na sasa anatafuta gari la Kawangware akafungue kibanda atakachokifunga saa tatu usiku. Atakutazama: “Kijana, kwani leo umekosa usingizi?” Cheka. Usithubutu kumuuliza yeye hufanya saa ngapi kwa wiki, atakuharibia hotuba. Piga naye picha, andika chini yake kwamba mabingwa hawalali, kisha wahi Kilimani ukajinyooshe kabla ya mkutano wa saa nne.