Miezi Minane Naitafuta "Run"

Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni yule mwanao wa dawati la nyuma, darasa la tano, uliyenichapa viboko vitatu kwa ajili ya "run, ran, run". Nakuandikia kutoka Bradford, kaskazini mwa Uingereza, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Sikuandikii kukushitaki. Nataka tu ujue kwamba ile "run" uliyotuandikia ubaoni, ukaweka alama ya sawasawa, kisha ukaandika "kimbia", nimeitafuta huku miezi minane na sijaiona.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao yao. Siku ya kwanza msimamizi wa zamu akanituma, kwa neno lako lile lile, nikamkimbizie bafu mzee wa chumba namba nne. Nilitimua mbio, Mwalimu. Nilipita ukumbi mzima, nikafika bafuni, nikasimama nahema, nangoja amri inayofuata. Punde mzee akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, taulo begani, akachungulia lile beseni kubwa la kuogea. Kavu. Kumbe nilitakiwa kufungulia maji.

Asubuhi yake, wakati wa kukabidhiana zamu, nikasikia kwamba bibi wa miaka 91 anakimbiza joto. Nikamtazama: kaketi, blanketi magotini, anasinzia. Ni homa. Jirani yake pua inakimbia. Nikapewa karatasi laini nikamfute kamasi. Wa chumba namba sita wakasema ana mbio, nikafurahi moyoni kwamba angalau mmoja bado ana nguvu. Nilipotumwa kubadilisha mashuka ndipo nikajua ni tumbo la kuhara. Maziwa nayo tulikuwa tumeyakimbia, yaani yamekwisha, na daktari alikuwa anakimbia kuchelewa. Hili la mwisho limenishinda mpaka leo. Mtu akikimbia kweli, atachelewaje?

Nilipokwenda zahanati kujiandikisha, muuguzi akaniuliza kama presha inakimbia katika ukoo wetu. Nikamjibu kwa uaminifu wote kwamba kwetu anayekimbia ni mjomba tu, tena akiwaona wanaomdai. Akaandika kitu kwenye kompyuta. Sijui aliandika nini.

Nikaona nimerogwa, nikaenda maktaba. Mwalimu, keti kwanza. Kuna bwana anaitwa Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, ambaye alikaa na kitenzi hiki kimoja miezi tisa, kama mimba, akajifungua maana 645. Katika toleo la mwaka 1989, lenye mabuku 20, bingwa alikuwa "set", sasa amepinduliwa. Wewe ulitupa maana moja, na viboko vitatu juu yake. Bado unanidai 644.

Nadhani waliochafua mambo ni mafundi wao. Kila walichounda, wakakipa neno hili: treni inakimbia, sawa, hiyo naielewa, lakini saa ya ukutani nayo inakimbia, na jokofu lililosimama jikoni tangu sijafika linakimbia usiku kucha. Hata makao yetu yana anayeyakimbiza, ndiye meneja, mama mnene mwenye goti bovu. Ajabu ni siasa. Mwanasiasa wa Marekani akitaka ubunge anakimbia, wa Uingereza akiutaka anasimama, na wote wanaelekea kiti kile kile. Sisi tunasema anagombea. Hapo, kwa kweli, tumewashinda kwa ukweli.

Lakini nisijisifu sana. Nina mwenzangu wa zamu, dada wa Kipolandi, anayetaka kujifunza Kiswahili. Nikaanza kama ulivyoanza wewe: "piga" nikamwonyesha kwa ngumi kiganjani. Jioni akanisikia nikizungumza na mama, akaomba tafsiri. Nikamwambia: nimepiga deki, nimepiga pasi, nimepiga mswaki, kesho nitapiga picha, na hapa nimepiga simu. Akanitazama kwa huruma, akauliza kama nyumbani kwangu kuna kitu kilichosalimika.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita, katikati ya chai, kengele ya moto ililia. Nikajua leo ndiyo leo: leo "run" ni kukimbia, hata Oxford hawawezi kubisha. Nikakunja suruali, nikashika mlango. Msimamizi akanidaka kola, akanielekeza kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, ambalo nimepita mbele yake kila siku. Nikasoma: "Do not run." Ni ile yako, Mwalimu, ile ile ya ubaoni, maana yake moja tu. Na wameipiga marufuku.

Wasalimie wote barazani.

Mwanao wa dawati la nyuma