Adabu za Fedha Safarini

Wanaolalamika kwamba benki hukata mno kutuma fedha nje hawajui machovu ya safari. Karo inayotoka Mwanza kwenda shule ya Kampala haiwezi kukata ziwa kama sangara. Mara nyingi inabidi igeuzwe kwanza dola, ikabishe hodi kwa benki wakala kule New York, kisha irudi Afrika Mashariki imekonda, igeuzwe tena shilingi, safari hii ya Uganda. Kila kituo kina mwenyeji, na mgeni mstaarabu haendi mikono mitupu. Benki ya Dunia inakadiria kwamba kutuma dola 200 kuja kusini mwa Sahara hula takriban asilimia 8, nayo mataifa yaliahidi kushuka chini ya 3 ifikapo 2030. Sijui haraka ya nini. Tena benki zina staha: ada ndogo huandikwa kwenye risiti, na kinachomegwa kwenye kiwango cha kubadilishia hakitajwi, kama sadaka ya kweli.

Kuna watakaonitajia simu, kwamba tangu 2015 M-Pesa huvuka kati ya Kenya na Tanzania kwa sekunde. Ndiyo, na huo ndio utovu wa adabu: kuingia nyumba ya watu kabla aliyekutuma hajamaliza kusema “nimetuma”. Fedha ya benki hukawia siku tatu njiani, ikaaga kila mlango, na ikifika mhasibu wa shule huitambua kwa shida.